Hitilafu Inayokauka Kabla ya Fundi Kufika

Miongoni mwa hitilafu zinazoweza kuipata injini ya gari, zile zinazoletwa na mvua zina tabia inayozitenga na nyingine zote, nayo ni kwamba mara nyingi hutoweka zenyewe kabla hazijachunguzwa. Gari lililotetemeka, likakosa nguvu na hatimaye likazima njiani usiku wa mvua linaweza kuwaka mara moja saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwaka vizuri, na fundi akalizungusha mtaa mzima asione dosari yoyote. Hapo ndipo makosa mengi huanza, kwa sababu mwenye gari anataka jibu, fundi naye hapendi kusema kwamba hakuona kitu, ilhali unyevu ambao ungeonyesha ubovu uliko umekwisha kukauka. Matokeo yake ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, leo plagi, kesho pampu ya mafuta, keshokutwa betri, hadi mvua nyingine inyeshe na gari lizime tena vilevile, mwenye gari akiwa amekwisha kutumia fedha nyingi kununua vitu visivyokuwa vibovu.

Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba hitilafu ya mvua huchunguzwa ikiwa imelowa, na kwamba fundi ambaye hakuwapo mvua ilipokuwa ikinyesha hana budi kuurudisha unyevu huo mwenyewe, kidogo kidogo na mahali palipochaguliwa, badala ya kulisubiri gari lizime tena au kukisia. Kabla ya hilo kuna kazi ya kuuliza. Daktari anayekutana na homa ya vipindi humwuliza mgonjwa homa hupanda saa ngapi, hutanguliwa na nini na hushuka vipi, kwa kuwa mgonjwa anaweza kufika kliniki mwili ukiwa umepoa kabisa. Fundi naye anapaswa kuuliza kwa makini yaleyale. Je, gari lilikataa kuwaka asubuhi baada ya kulala nje, au liliwaka vizuri na kuzima baada ya kupita kwenye dimbwi? Je, lilizima ghafla, au lilianza kukosa nguvu polepole kwa muda mrefu? Je, shida hutokea hata siku ya ukungu usio na mvua? Kila jibu lina sehemu yake katika injini, na karakana isiyouliza maswali haya huwa imekubali kufanya kazi gizani.

Ili maswali hayo yaeleweke, inafaa kuanza na cheche. Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda kwa cheche inayoruka katika mwanya wa plagi, mwanya ambao kwa magari mengi ni wa takriban milimita 1. Betri hutoa volti 12 tu, ambazo haziwezi kuuruka mwanya huo, kwa hiyo umeme hupitishwa kwanza kwenye koili, kifaa chenye waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu, ambacho huupandisha hadi volti zaidi ya 10,000, na katika mifumo mingi hadi volti 20,000 au 30,000. Umeme wa kiwango hicho hutafuta njia nyepesi kuliko zote ya kufikia chuma cha injini, na kazi ya mpira, plastiki na kauri zinazoizunguka njia yake ni kuuzuia usipate pa kutokea isipokuwa kwenye plagi.

Maji ya mvua yakiwa safi hupitisha umeme kwa shida sana, jambo ambalo huwashangaza watu wengi waliozoea kuamini kwamba maji yoyote na umeme havikai pamoja. Kinachoyatia maji hayo ubaya ni vitu vinavyoyeyuka ndani yake, yaani vumbi la barabara lililolala juu ya nyaya kiangazi chote, masizi, uchafu ulioshikwa na oili inayovuja, na kwa magari ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari. Tabaka hilo likiwa kavu halina madhara makubwa, lakini likilowa hugeuka kuwa njia ya umeme kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma. Ndiyo maana gari lenye nyaya chafu linaweza kuzimwa na manyunyu ya kwanza ya vuli, huku la jirani lenye nyaya safi likipita katikati ya masika bila kusita, na ndiyo maana kulaumu mvua peke yake humwondoa fundi kwenye chanzo halisi.

Kuna jambo jingine ambalo hupuuzwa mno, nalo ni shinikizo. Cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka katika hewa iliyobanwa kuliko katika hewa ya kawaida, na hewa inayoingia silindani huwa nyingi zaidi, na hivyo kubanwa zaidi, dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Wakati huo umeme huliona pengo la plagi kuwa gumu kuliko ile njia iliyolowa ya nje, nao hutokea huko. Kwa hiyo injini inaweza kunguruma vizuri gari likiwa limesimama, kisha ikaanza kumisi, yaani silinda moja au zaidi kutowaka kwa zamu yake, mara gari linapoanza kupanda Kitonga kuelekea Iringa au kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Fundi anayeisikiliza injini chini ya mwembe wa karakana, bila mzigo wowote, huwa ameiondolea hitilafu nafasi ya kujitokeza.

Katika magari ya zamani kidogo, kwa mfano Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE, umeme wa koili hugawiwa silinda na distribyuta, chombo chenye kifuniko cha plastiki ambacho ndani yake huzunguka rota inayopeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu kupitia nyaya nene. Kifuniko hicho ndicho cha kutazamwa kwanza. Kikifunguliwa na kugeuzwa kuelekea kwenye mwanga, mara nyingi huonekana matone madogo ya jasho yaliyoganda ndani, na pengine mstari mwembamba mweusi unaotoka kwenye ncha moja ya shaba kwenda kwenye nyingine, au kushuka hadi kwenye ukingo. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni alama ya penseli, lakini haufutiki kwa kitambaa, kwa sababu ni plastiki yenyewe iliyoungua na kugeuka kaboni mahali umeme ulipokuwa ukipita kwa wizi. Kaboni hupitisha umeme, na kwa hiyo kukausha kifuniko chenye mstari huo kutaliwasha gari leo bila kuondoa ubovu. Kinachotakiwa ni kifuniko kipya.

Nyaya zenyewe huchunguzwa gizani. Injini huwashwa usiku, au ndani ya karakana iliyofungwa kwa muda mfupi huku moshi ukitolewa nje, boneti hufunguliwa, na maji ya kawaida hunyunyizwa kwa chupa ya kupulizia yenye tone laini, waya mmoja kwanza, kisha wa pili, kisha kifuniko cha distribyuta, na mwisho koili. Baada ya kila eneo mchunguzi husubiri kidogo na kutazama. Waya uliochoka hujionyesha kwa vicheche vya buluu vinavyotambaa juu ya mpira au kurukia chuma kilicho karibu, pamoja na mlio mdogo wa kukatika-katika, na injini hutetemeka papo hapo. Faida ya kwenda eneo moja moja ni kwamba jibu linapotokea huwa na anwani, ilhali anayemwaga ndoo ya maji juu ya injini nzima atapata injini iliyozima na hatajua ni kitu gani kimeizima. Mikono ikae mbali na nyaya wakati huo, na mikono ya shati isiachwe kuning'inia karibu na feni na mkanda, kwa kuwa volti hizo hutoa mshtuko unaoweza kumfanya mtu aurushe mkono wake kwenye kitu kinachozunguka.

Wapo mafundi wanaotosheka na kupima nyaya kwa mita ya umeme, na kipimo hicho kina manufaa, maana kwa Toyota za aina hiyo waya haupaswi kuzidi omu 25,000, omu ikiwa ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Hata hivyo, mita hupima uzi wa ndani unaobeba umeme na haisemi lolote kuhusu mpira wa nje unaouzuia kutoroka. Waya unaweza kufaulu vizuri kwenye mita na bado ukawa ndio unaolizima gari kila mvua inaponyesha. Vivyo hivyo kwa dawa za kopo zinazofukuza maji, ambazo maarufu kuliko zote ni WD-40, iliyotengenezwa San Diego nchini Marekani mwaka 1953 kwa kazi hiyohiyo ya kusukuma maji mbali na chuma. Kuipulizia kwenye nyaya zilizolowa humsaidia dereva aliyekwama kufika nyumbani, na kwa hilo inastahili sifa. Tatizo huja pale inapopuliziwa kama tiba, kwa sababu mpira uliopasuka hubaki umepasuka, na kilichofanyika ni kumwondolea fundi wa kesho dalili aliyoihitaji.

Katika magari ya baadaye distribyuta na nyaya zake ndefu hazipo. Injini kama 1NZ-FE, iliyomo katika Toyota Probox na IST nyingi, ina koili nne, kila moja ikiwa imekaa juu ya plagi yake ndani ya shimo lenye kina lililo katikati ya kifuniko cha injini. Mpango huu umepunguza sana shida za mvua, lakini umezihamishia ndani ya mashimo hayo, kwa kuwa maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Huingia kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni kuosha injini kwa pampu yenye nguvu, desturi inayopendwa kwenye vituo vya kuoshea magari na ambayo huleta injini inayomisi hata wakati wa kiangazi. Ya pili ni mifereji iliyo chini ya vifuta kioo, ambayo kazi yake ni kuyapeleka maji ya kioo cha mbele pembeni mwa gari; gari linalolala chini ya mwembe au mkungu hujaza majani humo, majani huoza na kuziba matundu, na maji yanapokosa njia humwagika upande wa nyuma wa injini. Kuyaondoa majani hayo kwa mkono kabla ya masika ni kazi isiyohitaji fundi wala fedha.

Magari haya yana kompyuta inayoona silinda isiyowaka na kuhifadhi kumbukumbu yake, hivyo kwa mara ya kwanza kuna shahidi aliyekuwapo mvua ilipokuwa ikinyesha. Mashine ya kupimia ikiunganishwa inaweza kutoa namba P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 kwa ya pili, na kuendelea hivyo, au P0300 silinda zinapomisi bila mpangilio. Namba hiyo hutaja silinda yenye shida na haitaji kipuri cha kununua, tofauti ambayo huwapotosha wengi. Njia ya uhakika ni kuhamisha koili ya silinda iliyotajwa kwenda kwenye silinda nyingine, kufuta kumbukumbu, na kuliendesha gari tena katika hali ileile ya unyevu. Namba ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, na ikibaki palepale, uchunguzi uhamie kwenye plagi, waya na injekta ya mafuta, yaani kirushio cha petroli cha silinda hiyo. Plagi ikitolewa itazamwe kauri yake nyeupe, kwa kuwa umeme uliokuwa ukitoroka huacha mstari mweusi juu ya kauri na mwingine unaolingana nao ndani ya mpira wa koili. Vyote viwili vibadilishwe pamoja, maana mstari uliobaki kwenye kimoja utaendelea kuuvusha umeme hata kingine kikiwa kipya. Taa ya injini kwenye dashibodi nayo ina lugha yake: ikiwaka bila kupepesa, safari inaweza kuendelea kwa tahadhari, lakini ikipepesa, silinda inatema petroli isiyochomwa kwenye katalitiki, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, nacho huweza kuungua kwa joto la petroli hiyo, kwa hiyo dereva apunguze mwendo na kusimama mahali salama.

Si kila tatizo la siku ya mvua linatokana na cheche. Mlio mkali wa asubuhi unaodumu kwa muda mfupi na kukoma kwa kawaida hutoka kwenye mkanda wa alteneta ulioteleza kwa kulowa, na huashiria mkanda uliochakaa au uliolegea. Stata inayozunguka kwa uvivu mara nyingi inalalamikia waya wa ethi, unaounganisha betri na bodi ya gari, ambao kichwa chake kimeota kutu ya kijani au nyeupe. Filta ya hewa iliyolowa huinyima injini hewa, gari likakosa nguvu, na katika magari ya kabureta likatoa moshi mweusi. Filta hiyo hutambuliwa kwa kuishika tu.

Petroli iliyoingia maji inastahili maelezo zaidi, kwa sababu huchanganywa mara kwa mara na shida za cheche, na kuzitenganisha ni rahisi kwa anayejua pa kutazama. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hutuama chini kabisa ya tangi, mahali pampu inapovuta. Yanaweza kuingia kupitia kifuniko kisichoziba, au kutoka kwenye tangi la ardhini la kituo lililopenyezwa na maji ya mvua. Dalili yake kubwa ni kwamba haiondoki kwa jua: gari lililosumbua jana usiku litasumbua leo mchana vilevile, na aghalabu lilianza kusumbua muda mfupi baada ya kujazwa mafuta. Mafuta kidogo yaliyotolewa kwenye filta na kuachwa yatulie ndani ya chupa inayoonyesha ndani hujitenga yenyewe, maji chini na petroli juu, na mpaka kati yake huonekana wazi. Magari mengi ya dizeli yana chombo maalumu cha kutenga maji chenye koki ya kuyamwagia chini, koki ambayo katika malori yanayosafiri masika yote inafaa kufunguliwa mara kwa mara bila kusubiri taa ya tahadhari.

Moshi mweupe kwenye bomba asubuhi ya baridi umewagharimu watu fedha bila sababu. Petroli inapoungua, haidrojeni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni na kuwa maji, kiasi kwamba kila lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke usioonekana injini ikiwa na joto na kama wingu jeupe hewa ikiwa baridi na yenye unyevu. Matone yanayodondoka kwenye bomba siku kama hiyo ni ya kawaida. Gasketi ya silinda hedi, yaani kizuizi kati ya bloku na kichwa cha injini, ndiyo ya kushukiwa pale tu moshi huo unapoendelea injini ikiwa imepata joto na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje.

Lipo hata hivyo tukio moja la mvua ambalo kanuni ya kuwasha na kunyunyizia haihusiki nalo kabisa, na kwalo kujaribu kuwasha ndiko kunakoiua injini. Tukio hilo ni gari kuzima ndani ya maji mengi, kama inavyotokea katika bonde la Jangwani, Dar es Salaam, ambako Mto Msimbazi hufurika hadi Barabara ya Morogoro kufungwa. Mdomo wa bomba linalovuta hewa ya injini katika magari mengi madogo uko chini ya boneti karibu na taa ya mbele, na hauhitaji maji kufika kwenye kioo ili uyameze. Wimbi linalosukumwa na lori linalopishana na gari hutosha. Hewa hubanwa lakini maji hayabanwi, na hesabu yake inatisha. Injini ya 1NZ-FE ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 1,500 katika silinda nne, na hubana mchanganyiko wake kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, kwa hiyo nafasi inayobaki pistoni inapofika juu kabisa ni takriban sentimita za ujazo 40 kwa kila silinda, yaani pungufu ya vijiko vitatu vikubwa vya chakula. Maji yakizidi kiasi hicho, pistoni hugonga ukuta usiosogea, na konrodi, mkono wa chuma unaoiunganisha na krenkishafti, hupinda au kuvunjika na kutoboa bloku.

Dereva ambaye gari lake limezima namna hiyo asiguse ufunguo hata mara moja, hata kama watu walio nyuma wanapiga honi. Gari lisukumwe au livutwe hadi pakavu, waya wa betri ufunguliwe, kisha filta ya hewa itazamwe. Ikiwa kavu pamoja na bomba lake, kuna matumaini makubwa kwamba silinda hazikunywa maji na kwamba kilichozima injini ni umeme uliolowa. Ikiwa imelowa, plagi zote hutolewa, umeme wa cheche na wa mafuta hukatwa, na injini huzungushwa kwa spana taratibu, kisha kwa stata, ili maji yarukie nje kupitia matundu ya plagi. Oili hukaguliwa kwa kijiti chake, na ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa au kiwango chake kimepanda, humwagwa yote pamoja na filta yake, na pengine kumwagwa tena baada ya injini kunguruma kwa muda mfupi.

Injini ikiwaka baada ya hapo, wengi hufunga boneti na kushukuru, na hilo ni kosa, kwa sababu konrodi iliyopinda kidogo inaweza kufanya kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kukatika njiani gari likiwa katika mwendo. Konrodi hiyo huwa imefupika, pistoni yake haifiki juu kama zamani, na mgandamizo wa silinda hiyo hushuka. Geji ya mgandamizo hufungwa kwenye tundu la plagi kwa dakika chache tu. Silinda zote nne zipimwe, vipimo viandikwe kimoja kando ya kingine, na ile iliyo chini waziwazi kuliko wenzake ifunguliwe kabla gari halijarudishwa kwa mwenyewe.